Kiti cha Taratibu

Siku Taratibu alipofariki, gari lake lilirudi nyumbani bila yeye. Aliyeliendesha ni dereva mwenzake wa pale kituo cha teksi, mzee aliyeitwa Kanali kwa ajili ya masharubu yake. Aliliegesha mbele ya baraza, akazima injini, akashuka. Kwanza alishika kiuno kwa mikono miwili akajinyoosha, akageuza shingo huku na huku mpaka ikalia. Ndipo akavua kofia na kumwambia mke wa Taratibu kwamba mumewe ameanguka wakati anafuta kioo cha mbele, kwamba wamemkimbiza hospitali, na kwamba wamefika hospitali mwenyewe ameshakwenda.

Mke wa Taratibu alikuwa amepiga magoti barazani, anawamba kochi la mteja, na mdomoni alikuwa na misumari midogo ya kazi. Aliitema mmoja mmoja kiganjani, akaitia kwenye kopo, akalifunika. Baadaye watu walisema mama yule ni mkavu. Hakuwa mkavu. Misumari ile ina tabia ya kupotelea kwenye mkeka na kuchoma watu miguu, na alijua kwamba muda si mrefu nyumba ingejaa watu waliovua viatu.

Gari likabaki pale lilipoegeshwa mpaka msiba ukaisha. Watoto wa jirani walikatazwa kuliegemea.

*

Mtaani mke wa Taratibu walimwita Mama Sponji, kwa sababu hata siku ya sherehe hukukosa kipande cha sponji nyweleni mwake. Kazi yake ilikuwa kushona na kuwamba makochi, na makochi ni kazi ya kubahatisha: watu hukumbuka kwamba viti vyao vimechakaa pale tu wanapotarajia wageni. Teksi ndiyo iliyokuwa ikileta chakula cha kila siku. Ndiyo iliyomlisha mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, na ndiyo iliyomweka binti yao sekondari.

Kwa hiyo ndugu walipokaa kuzungumza, mazungumzo yalikuwa ni gari tu. Baba mkubwa wa Taratibu alitaka liuzwe kabla halijawa chuma chakavu. Mdogo wake marehemu, aliyekuwa akiuza vigae vya sakafu dukani kwa mtu, ndiye aliyesema kwamba yeye leseni anayo, kwamba dukani kwenyewe mshahara ni wa kuombwa kama msaada, na kwamba angeacha kazi hiyo aendeshe teksi. Baba mkubwa alimwangalia kwa muda, akasema haya, wajaribu. Lakini siku gari litakapoanza kuwala wao badala ya kuwalisha, yeye mwenyewe ataleta mnunuzi.

Mama Sponji alikuwa akimtazama shemeji yake na kuona kwamba wanafanana na marehemu usoni, ila huyu ni mrefu zaidi, amenyooka kama mlingoti.

*

Wiki ya kwanza shemeji alirudi jioni ameshika kiuno. Walimcheka kidogo. Walisema amezoea kusimama na vigae, makalio yake bado mageni. Wiki iliyofuata ikaja shingo. Asubuhi aliamka imekaza, na kila aliporudisha gari nyuma ilimbidi ageuke mwili mzima. Kule kituoni madereva walilinasa jambo hilo kabla ya yeye mwenyewe kulielewa. Wakampa jina la Sanamu.

"Sanamu," wangemwita kwa nyuma, "abiria wako huyu hapa." Naye angegeuka taratibu, mabega na yote, kama mlango unaofunguka, nao wangeshikana mikono kwa kicheko.

Siku moja mama mmoja mwenye mizigo alimwuliza kama amelewa. Alisema toka walipoanza safari anamwona amelalia mlango. Shemeji akajibu kwamba pombe hajawahi kuigusa, ni mgongo tu. Yule mama akasema walevi wote husema ni mgongo, akashuka kabla ya kufika, akasimamisha teksi ya nyuma. Kisa hicho shemeji alikileta mezani jioni kama kichekesho. Binti ndiye peke yake aliyecheka, naye akaacha alipomwona bibi yake.

"Kaka yako alikikalia kiti hicho miaka na miaka," mama mkwe alisema. "Sijamsikia hata siku moja akitaja mgongo."

Shemeji alijaribu kila alichoambiwa. Alikunja taulo akaliweka nyuma ya kiuno. Alinunua kile kitandiko cha shanga ambacho madereva hukisifu, kikamwachia alama za duara matakoni na maumivu yale yale. Alijipaka dawa ya kuchua kali kiasi kwamba abiria walifungua vioo vyote, wengine wakamwuliza kama ametoka kucheza mpira. Fundi wa magari naye akamwambia tatizo ni shokapu, gari linamgonga kwenye mashimo. Shokapu zikabadilishwa mbili za mbele. Gari likawa linapita kwenye mashimo kama mtu aliyevaa soksi, na mgongo ukauma vile vile. Muhula ule binti alirudi shule na viatu vyake vya zamani, vilivyopakwa rangi mpya.

Ndipo jioni moja, wakiwa wanakula, shemeji aliposema, bila kumtazama mtu, "Shemeji, mimi nafikiri ni kiti."

Mkono wa Mama Sponji ulisimama juu ya sahani.

"Kiti kile nimekishona mimi."

"Najua, shemeji."

"Kwa mkono, si kwa mashine. Kaka yako alikuwa akisema hakuna gari lenye kiti kama kile mji huu mzima."

"Najua. Sijasema kibaya."

"Umesema ni kiti."

Mama mkwe akasogeza jagi la maji kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, kisha akalirudisha. Shemeji akala kilichobaki, akashukuru, akaenda kujilaza sakafuni. Siku ya pili yake alimwuliza kwa upole kama angeruhusu japo fundi wa kule sokoni akiangalie. Mama Sponji akamjibu kwamba siku atakapopeleka kiti cha nyumba hii kwa fundi mwingine, ampelekee na vitu vyake yeye, ahamie huko huko sokoni. Jambo hilo halikutajwa tena.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake. Alianza kuwaambia majirani kwamba labda mwenye kiti hajataka kikaliwe na mtu. Mama Sponji hakuwa mtu wa kuamini maneno hayo. Lakini alipoyasikia kupitia dirishani, akiwa anakata kitambaa, hayakumuudhi kama yalivyopaswa kumuudhi. Aliendelea kukata.

*

Siku ambayo shemeji alishindwa kushuka, waliomleta ni Kanali na dereva mwingine. Mgongo ulikuwa umemkamata kituoni, akiwa anainama kuokota chenji ya abiria, na hakuweza tena kunyooka wala kukunjika. Walimsogeza kiti cha pembeni, Kanali akaendesha. Walipofika nyumbani walimtoa kama watu wanaotoa friji mlangoni, mmoja anasema inua, mwingine anasema zungusha kwanza. Shemeji mwenyewe alikuwa anawaomba samahani njia nzima mpaka sebuleni.

Kanali alirudi barazani kukabidhi funguo. Alishika kiuno, akajinyoosha.

"Mimi gari hili nimeliendesha mara mbili tu, mama," alisema. "Na mara zote mbili nimeshuka..." Hakumaliza. Aliona jinsi Mama Sponji alivyoinamisha macho, akadhani amegusa kidonda, akavua kofia, akaaga.

Hospitali walisema hakuna kilichovunjika. Ni misuli imekaza kwa kukaa vibaya, apumzike, alale pagumu, asishike usukani mpaka atakapopona. Shemeji akatandikiwa mkeka sebuleni. Kila aliyetaka kupita alimruka, naye kila akirukwa alisema pole. Gari likarudi kusimama pale pale mbele ya baraza. Watoto wa jirani, ambao hakuna aliyewakataza safari hii, waliandika majina yao kwenye vumbi la kioo.

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kusahau alichosema. Alikuja asubuhi moja na mnunuzi.

*

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa vipuri, mfupi, mwenye tumbo lililomtangulia. Alipiga teke magurudumu, akafunua boneti, akasikiliza injini kwa kichwa kilichoinama kama daktari. Kila alichokiona alikipungia mkono kidogo kuonyesha kwamba hakina thamani. Kisha akafungua mlango wa dereva, akakaa, akatoka upesi kuliko alivyoingia.

"Viti nitavitupa," alimwambia baba mkubwa. "Hiki cha dereva ndiyo kimeoza kabisa."

Mama mkwe, aliyekuwa barazani, aligeuza uso. Mama Sponji alikuwa ameketi karibu naye na sindano yake kubwa iliyojikunja mkononi. Alisikia. Alivuta uzi, akaukaza, akautia fundo.

Shemeji, kwa kutotaka kuonekana mzigo, aliinuka mkekani ili amwonyeshe mnunuzi namna ya kuliwasha, maana gari lile lilikuwa na ubishi wake asubuhi. Alitoka akishikilia kuta. Alifika kwenye gari, akasimama hapo akiwa ameipa baraza mgongo, mkono mmoja juu ya paa.

Mama Sponji aliinua macho kutoka kwenye kazi.

Migongo aliijua. Mtu anayeshona viti huangalia watu kwa nyuma kama kinyozi anavyowaangalia kwa juu. Na mgongo ule ulikuwa wa mlingoti siku ndugu walipokaa, aliukumbuka. Sasa bega la kulia lilikuwa chini, kiuno kimesukumwa kushoto, kichwa kimetangulia mbele kama cha kobe. Aliutazama kwa muda. Kulikuwa na kitu anachokifahamu katika mkunjo ule, lakini kimekaa kinyume. Taratibu alikuwa akilalia kushoto.

Aliweka sindano kwenye kopo. Akashuka barazani, akampita mnunuzi, akaingia kwenye gari na kukaa kwenye kiti cha dereva.

Hakuwahi kukaa pale. Katika miaka yote ile alipokuwa akikishona alipiga magoti nje, mlango ukiwa wazi, jicho lake likiwa kwenye mgongo wa mumewe na mkono wake ukiwa chini ya nyonga yake. Alikuwa akipachika safu ya sponji, anauliza, "Sasa?" Naye Taratibu anasema, "Ongeza kidogo." Anaongeza. "Sasa?" "Sasa kiko sawa." Nyonga ilizidi kushuka mwaka hadi mwaka, na kila iliposhuka alikipandisha kiti, unene wa kidole, wakati mwingine nusu ya kidole, na kila mara kazi ilikwisha kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo kichwani mwake kiti kile hakikuwa kimepanda upande. Kilikuwa kiti kilicho sawa kuliko vyote alivyowahi kushona.

Sasa kilimwinua kushoto na kumsukuma kulia mpaka bega likagusa mlango. Mto alioushonea sehemu ya kichwa ulimkandamiza kisogo mbele, kama mwalimu anayemlazimisha mtoto asome. Alikaa hivyo mikono mapajani. Mbele yake kioo kilikuwa na majina ya watoto, yakisomeka kwa kinyume.

Alipotoka alimwambia baba mkubwa kwamba gari haliuzwi leo.

Baba mkubwa akauliza kwa nini, na mgeni ameacha shughuli zake.

"Kiti hakijaisha kushonwa," alisema.

Mnunuzi alisema kiti si tatizo, ameshaeleza kwamba atakitupa. Mama Sponji akamwambia ndiyo, amesikia. Akaufunga mlango wa gari, akaondoa funguo mkononi mwa shemeji yake, akarudi barazani. Baba mkubwa alimsindikiza mgeni wake hadi barabarani, akieleza jambo kwa mikono.

*

Ilibidi amweleze mama mkwe, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alilieleza akiwa amesimama. Alisema kwamba nyonga ya Taratibu ilihama wakati ule alipokuwa mpakuaji wa mizigo ghalani, kabla hawajaoana, alipoangukiwa na magunia. Haikurudi mahali pake. Alijifunza kutembea nayo. Alipoingia kwenye teksi hakutaka wenzake wajue, wasije wakasema kituoni pao hakuna nafasi ya mgonjwa. Na nyumbani hakutaka mama yake ajue.

"Kwa nini mimi nisijue?" aliuliza mama mkwe.

Mama Sponji alisita. Kazi ile ya ghalani, mama mkwe ndiye aliyeenda kumwombea mwanawe kwa tajiri, siku tatu mfululizo akisimama getini.

"Alisema utajilaumu, mama."

Shemeji, chini pale mkekani, alikuwa anatazama dari.

"Mimi nilikuwa nawaambia watu anatembea kama baba yake," mama mkwe alisema mwishoni. "Nilikuwa nikimwona anakuja kule barabarani, analala upande, nasema moyoni, angalia, ni baba yake mtupu."

Kisha aliuliza kama kilikuwa kinamsaidia, kile kiti. Mama Sponji akasema ndiyo. Ndani ya gari alikuwa haumwi. Ndiyo maana hata siku za mapumziko alikuwa anapenda kwenda kukaa humo asome gazeti.

"Na mimi nikidhani anatukimbia," alisema mama mkwe.

*

Walikifungua kesho yake mchana, boliti nne, binti akishika spana. Mama Sponji alikilaza kiti barazani juu ya gunia, akaanza kukata nyuzi zake mwenyewe. Alikuwa ameshona kwa mishono mifupi, ya kazi isiyotarajiwa kufumuliwa, na ilimchukua muda. Chini ya kitambaa safu zilijitokeza moja baada ya nyingine, zote zimelala upande wa kushoto, nyembamba ukingoni na nene katikati. Hakuwahi kununua sponji kwa ajili ya kiti kile. Alikuwa akitumia mabaki, kwa hiyo kila safu aliifahamu ilikotoka. Ya kijani ilikuwa ya makochi ya yule bwana harusi ambaye hakulipa. Ya njano ilikuwa godoro la binti yake alipokuwa mchanga. Ya chini kabisa, iliyogandamizwa ikawa ngumu kama mkate wa juzi, ilitoka kwenye kochi la kwanza alilowahi kushona kwa malipo. Aliziweka kando kwa mpangilio wake, akapiga kiti maji kidogo, akakipangusa vumbi, akapima sponji mpya.

Alishona siku mbili. Siku ya tatu walikirudisha kwenye gari, na shemeji akaitwa aje apimwe. Alikaa kwa tahadhari, kama mtu anayekalia mayai. Mama Sponji akapiga magoti mahali pake pa siku zote, mlango ukiwa wazi, akapitisha kiganja chini ya nyonga ya kulia, kisha ya kushoto. Shemeji aliona haya, akatazama usukani.

"Sasa?" aliuliza Mama Sponji.

Shemeji alijisogeza. "Shemeji, usinichukie," alisema. "Sasa ndiyo naona kimepinda."

"Kimepinda wapi?"

"Kama kinanimwaga huku."

Mama Sponji akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mgongo, akaweka kipande cha ubao bapa juu ya kiti kati ya mapaja yake na kukitazama hicho pia.

"Kiti hakina kitu. Aliyepinda ni wewe. Kaa hivyo hivyo, utanyooka."

Binti, aliyekuwa bado ana spana mkononi, alicheka, na safari hii bibi yake hakumtazama. Alikuwa anazitazama zile safu za sponji juu ya gunia. Aliuliza kama zina kazi. Mama Sponji akasema hazina, zimeshakufa, zitatupwa. Mama mkwe akasema basi amshonee mto, kiti chake cha sebuleni ni kigumu.

"Zitakaa upande, mama. Zina umbo lake."

"Nimeziona," alisema mama mkwe. "Zishone hivyo hivyo."

*

Shemeji alirudi kazini alipoweza kuvaa viatu bila kusaidiwa. Kituoni bado wanamwita Sanamu, ingawa shingo inageuka. Jina likishamkaa mtu halitoki kwa sababu ndogo kama hiyo. Kanali aliliendesha gari siku moja hadi sheli na kurudi, akashuka, akasimama kidogo kama anayesubiri kitu, kisha akaenda zake bila kushika kiuno.

Mama mkwe anakalia mto wake sebuleni na huwa amelalia mkono wa kulia wa kiti. Wageni wakimwambia bibi umekaa vibaya, anasema amekaa anavyotaka.

Gari hutoka asubuhi na kurudi jioni. Kiti cha dereva kiko sawa pande zote mbili.